Kwa Mnaoanza Kazi Katika Chumba cha Kamera Zinazosoma Namba za Magari

Ndugu zangu mnaoingia kazini, nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyoizoea kwenye kambi za polisi na kwenye simu ya upepo, hata sisi ambao nyumbani tunazungumza Kiganda au Kiacholi. Nilikaa mbele ya skrini hizo miaka kadhaa, na mengi niliyojifunza niliyapata baada ya kukosea.

Kamera haijui gari wala dereva. Inapiga picha, inatafuta kibao cha namba ndani ya picha hiyo, inatenga alama mojamoja, kisha inakisia kila alama ni ipi. Kisio hilo hukufikia likiwa limechapwa kwa herufi nadhifu, na unadhifu huo ndio unaotudanganya, kwa sababu jibu lenye shaka na jibu la hakika yanafanana kabisa kwenye skrini. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufunika pleti ya boda boda hadi 8 ikasomeka 3. Pleti zetu za zamani hapa Uganda zina herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho, kwa hiyo programu iliyopangwa vizuri inajua kwamba mahali pa tarakimu hapawezi kuwa na B, na kosa la kuchanganya B na 8 huisha hapo. Mpangilio huo, hata hivyo, haukusaidii chochote 3 inapochukuliwa kuwa 8, au E inapoonekana F, maana zote ni halali mahali pale. Na tangu pleti za kidijitali zilipozinduliwa Novemba 2023, za zamani na mpya zinapita barabara zilezile.

Usiku mmoja, nikiwa mgeni kama ninyi, mashine, ambayo hulinganisha kila namba na orodha ya magari yanayotafutwa, ililia kwamba gari lililoibwa limepita. Nilishika simu ya upepo nikatangaza kabla ya kufungua picha. Gari lililotafutwa lilikuwa lori la mchanga. Lililosimamishwa lilikuwa teksi iliyojaa watu waliotoka mazishini. Hakuna aliyeumia, lakini nilimsikia mzee mmoja, akiwa amepigishwa magoti kando ya barabara, akiuliza kosa lake ni nini. Picha ilikuwa mbele yangu muda wote, na kuitazama kungenichukua sekunde tano.

Msidhani ni upungufu wa kwetu tu. Mwaka 2009, huko San Francisco, Marekani, kifaa kilisoma 3 kuwa 7, na mwanamke asiye na hatia akajikuta ameelekezewa bunduki, ingawa gari lake halikufanana hata kidogo na lori lililokuwa likitafutwa. Mwaka 2020, katika mji wa Aurora, jimbo la Colorado, kisa kilikuwa kigumu zaidi: namba ilikuwa ileile, ila iliyoibwa ilikuwa pikipiki ya jimbo lingine, na familia yenye watoto ikalazwa kifudifudi juu ya lami. Kwa hiyo hata usomaji sahihi unaweza kukupeleka kwenye gari lisilo lenyewe. Kabla mkono haujagusa simu ya upepo, linganisha namba kwa macho yako, kisha aina ya gari, kisha rangi. Kimoja kikikataa, nyamaza kwanza.

Orodha ya magari yanayotafutwa nayo huchakaa. Gari hupatikana, mwenyewe akarudishiwa, na namba ya gari ikabaki kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta. Anayesimamishwa safari hiyo ni mlalamikaji mwenyewe. Jambo la umiliki linahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Wengi wetu Uganda tunauza gari kwa mapatano bila kubadilisha jina kwenye usajili, na faini za kamera zilizoanza Juni 2025, zikasitishwa mwezi huohuo kutokana na malalamiko, ziliwafanya watu wengi wagundue ni magari gani bado yako kwa majina yao. Msiandike kwenye ripoti kwamba fulani alikuwa Wandegeya, mtaa wa Kampala, saa nne usiku. Andikeni kwamba gari lenye namba hiyo lilipita hapo, kwa kuwa hilo ndilo mlilolishuhudia.

La mwisho linahusu wenzenu zaidi kuliko mashine. Magari mengi sana yanayosomwa hayana kosa lolote, lakini kumbukumbu zake zikitunzwa zinaonyesha mtu anasali wapi, anatibiwa wapi na analala wapi. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba usomaji usiolingana na orodha ufutwe papo hapo. Jimbo la New Hampshire huko Marekani linaruhusu dakika 3 tu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, isomeni kabla hamjapewa neno la siri. Siku itafika ambapo afande anayekuzidi cheo atakunong'oneza umtazamie gari la mkewe lilikuwa wapi Jumamosi. Mpe heshima yake, mwite afande, kisha umwombe namba ya jalada la kesi.