"Pointi za udhibiti wa ardhi" zinamdhibiti nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kwenye kikundi cha vijana tunaochora ramani ya mitaro na sehemu zinazofurika huku Kigogo, Dar es Salaam. Tulipata ramani ya zamani ya karatasi, ya skeli ya 1:50,000, tukataka kuona Mto Msimbazi ulikuwa unapita wapi. Tuliiskani, tukaiingiza kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, na kuiweka mahali pake. Kwenye ripoti niliandika: "Picha ya rasta ilichanganuliwa, kisha ikafanyiwa urejeleaji wa kijiografia kwa kutumia kuratibu za pointi sita za udhibiti wa ardhi. Kosa ni sifuri, hivyo ramani ni sahihi." Mwenyekiti wa mtaa aliposoma akauliza ni nani anakuja kudhibiti ardhi yetu. Msimamizi wetu anasema tuandike "kujioreferensi" tu, yaishe. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na mwenyekiti, maana yeye ndiye aliyeisoma sentensi yako kwa Kiswahili. Ninyi mliiwaza kwa lugha nyingine, mkaivika maneno ya Kiswahili. Kudhibiti ni kushika kitu barabara kisiponyoke. Serikali hudhibiti magendo, polisi hudhibiti fujo. Ukiandika "udhibiti wa ardhi", msomaji anaona ardhi inashikwa na mwenye mamlaka. Tena umeandika hivyo Kigogo, bondeni Msimbazi, ambako watu wanajua vizuri maana ya alama ya X nyekundu ukutani: nyumba hiyo ni ya kubomolewa. Mwenyekiti alikuwa na haki ya kushtuka.

Sasa tazama kazi yenyewe. Picha iliyotoka kwenye skana haijui Kigogo wala Magomeni. Inajua piseli zake tu, yaani vile vinukta vinavyoijenga, kwamba hiki kiko safu ya ngapi na mstari wa ngapi. Wewe ndiye unayeiambia programu kwamba piseli hii hapa ndiyo ile njia panda kule ardhini, na namba zake za ardhini ni hizi. Ukirudia hivyo kwenye pointi kadhaa, programu inapata hesabu ya kuigeuza, kuivuta na kuilaza picha nzima mahali pake. Kwa hiyo pointi hizo kazi yake ni kulinganishia, na Kiswahili kina njia ya zamani sana ya kukipa kitu jina la kazi yake, nayo ni kauli ya kutendea. Tuna kalamu ya kuandikia, kamba ya kuanikia, jiwe la kunolea. Basi hizi ni pointi za kulinganishia. Ukitaka kukaza zaidi, ongeza "ardhini". Hapo mwenyekiti hashtuki na mpima ardhi hapotei.

Usiziite "alama za msingi za upimaji", ingawa jina hilo lina heshima zake. Hizo ni alama zilizosimikwa ardhini na wapima, zenye namba na kumbukumbu zake. Zinaweza kutumika kama pointi za kulinganishia, lakini si kila pointi ya kulinganishia ni alama ya namna hiyo. Kwenye ramani ya mjini kati unaweza kutumia Sanamu ya Askari, ambayo haijahama pale tangu 1927. Kwa upande wenu tafuteni kona ya jengo la zamani au makutano ya reli na barabara. Ukingo wa mto usiutumie hata kidogo: Msimbazi unakula kingo zake, na isitoshe, kuhama kwake ndiko mnakokutafuta. Barabara ya Morogoro nayo iangaliwe kwa makini, kwa sababu ilipanuliwa kwa ajili ya mwendokasi na katikati ya njia panda ya leo huenda si pale pa zamani.

"Kuratibu" ni kitenzi. Kamati huratibu shughuli, na mratibu ni mtu. Namba mbili zinazoonyesha mahali pa nukta haziwezi kuitwa hivyo, ingawa tafsiri za mashine zinalisambaza neno hilo kila kukicha. Tuliosoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi tuliulizwa "majira ya nukta P". Neno ni hilohilo, majira. Wengine wanajua ni wakati wa mwaka tu, majira ya masika. Lakini mabaharia wa pwani hii waliita majira njia ambayo chombo kinaishika baharini, kwa hiyo kulipa neno hilo kazi ya kuonyesha mahali si uzushi. Wanaopenda "viwianishi" siwagombezi. "Koordineti" nayo inasikika sana maofisini na haina ubaya, mradi ripoti nzima ishike neno moja.

Ukishasema majira, sema pia ni ya mfumo gani. Hapa suala la lugha na suala la upimaji ni kitu kimoja. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na simu yako inatoa majira ya WGS 84. Nukta ileile ya Kigogo ikisomwa kwa mifumo hii miwili inatofautiana kama mita 300. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 6. Ardhini inatosha kabisa kumvusha mtu mto akiwa amelala nyumbani kwake. Kuandika majira bila kutaja mfumo ni kuandika bei bila kusema ni shilingi au dola.

"Urejeleaji wa kijiografia" haujavunja sarufi, ila hauelezi kitu. Kurejelea ni kutaja kitu kilichosemwa mahali pengine. Mwanafunzi wa fasihi atadhani mmenukuu kitabu cha jiografia. Na "kujioreferensi" ya msimamizi wako ina mtego wake. Irabu ya mwisho haina shida, tumezoea -safiri na -jibu. Tatizo ni ile "ji". Ikikaa baada ya "ku-", sikio la Mswahili linasikia kujiosha, kujipaka, kujisifu, na picha inaonekana kama imejifanyia jambo yenyewe. Kwenye mazungumzo ya ofisini semeni mpendavyo. Kwenye ripoti andikeni "kuilinganisha picha na ardhi".

"Kuchanganua" kuacheni kubaki na maana yake ya kupembua, maana ripoti yenu itakuwa na sehemu ya uchanganuzi pia. Ramani iliskaniwa. Na "picha ya rasta", mwanangu, hapa Dar inampeleka msomaji saluni. "Picha ya piseli" inatosha.

Limebaki lile linalonisumbua zaidi, "Kosa ni sifuri, hivyo ramani ni sahihi." Kosa hutendwa na mtu, na hapa hakuna aliyekosa. Mnachozungumzia ni umbali kati ya mahali ulipoiweka pointi na mahali hesabu ilipoipeleka. Hiyo ni hitilafu, neno ambalo asili yake ni tofauti tu, kutopatana. Kuhusu sifuri, nadhani kwenye programu mlichagua polinomia ya daraja la pili, yaani hesabu inayoweza hata kuipinda picha. Hiyo inahitaji pointi 6 kwa uchache, nanyi mlikuwa nazo 6 kamili. Idadi ikilingana hivyo, hesabu hupita katikati ya kila pointi hata kama moja mmeiweka mtaa mwingine, na hitilafu lazima isomeke sifuri. Maana yake picha *inalingana* na pointi zenu. *Sahihi* ni dai jingine, nalo linathibitishwa kwa pointi ambazo hesabu haikuziona. Ongezeni pointi, zitawanyeni hadi pembeni mwa karatasi, kisha mjaribu daraja la kwanza, linalohitaji 3 tu. Nyingine nne mziweke kando ziwe pointi za kukagulia.

Mkishafanya hivyo, aya yenu inaweza kusomeka hivi: "Ramani ya karatasi iliskaniwa, kisha picha yake ikalinganishwa na ardhi kwa pointi kumi za kulinganishia. Majira ya pointi hizo yako katika mfumo wa Arc 1960, kanda ya 37 Kusini. Hitilafu ilipimwa kwenye pointi nne za kukagulia." Kanda ni kipande cha dunia ambamo majira hayo yanahesabiwa. Hapo mwisho jazeni mita mlizopata, hata zikiwa nyingi.

Na kwenye nakala ya mwenyekiti ongezeni mstari mmoja unaosema kwamba kazi hii haipimi wala kubadilisha mpaka wa kiwanja cha mtu yeyote.