Sainasi zisizosikia antibayotiki

Pole sana dada yangu. Miezi mitano pua imeziba, antibayotiki mara tatu, na kila siku uko kwenye moshi wa kubanika samaki hapo Igombe, kando ya Ziwa Victoria: nimekuelewa.

Ikipita wiki 12, huo ni uvimbe sugu wa sainasi, yaani vile vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua, na chanzo hutofautiana mtu na mtu. Mimi usaha ulitoka tundu moja tu, unanuka. Kumbe gego la juu lilikuwa limeoza. Lilipong'olewa, nikapona. Wewe ukipiga chafya na kuwashwa macho, fikiria mzio. Harufu ya chakula ikipotea, huenda ni nyama za pua, vinyama laini vinavyoota ndani ya pua, ambazo mara nyingi hutibiwa kwa dawa ya steroidi ya kupuliza, wakati mwingine upasuaji. Kwa hiyo nenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa daktari wa masikio, pua na koo, akuchungulie ndani kwa kamera.

Kwa sasa osha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya ziwani mabichi usithubutu! Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili au shingo ikikakamaa, usisubiri kuche.