Swali la lugha: Spishi, aina au mbegu ya karanga?

Msomaji wa Kongwa anauliza: "Kwenye kikundi chetu cha wakulima tunaandaa orodha ya mazao. Katibu ameandika 'spishi tatu za kunde: karanga nyekundu, karanga nyeupe na njugu.' Naona kuna kosa ila nashindwa kulieleza."

Uko sahihi, na kosa si moja.

Karanga nyekundu na nyeupe ni spishi ileile, yaani mmea wenye jina moja la kisayansi, Arachis hypogaea. Rangi ya utando wa punje haizitenganishi, kama vile mahindi ya njano yanavyobaki kuwa mahindi. Hizo ni aina. Wakulima wenyewe husema mbegu: "Mwaka huu nimepanda mbegu ya Pendo," yaani aina ya karanga iitwayo Pendo. Wapo wanaowasahihisha, mimi nawaunga mkono wakulima. Mbegu ni punje ya kupanda na pia ni ukoo wa punje hiyo, na maana zote mbili ni Kiswahili safi.

Njugu mawe ndizo spishi nyingine, Vigna subterranea, tena zina undugu wa karibu na kunde kuliko karanga. Watu huzichanganya kwa sababu zote huzaa chini ya udongo. Lakini pasua maganda mawili uyaweke kiganjani. La karanga kwa kawaida lina punje mbili au zaidi, na zikishakaangwa utando hutoka kwa kusugua tu. La njugu mawe mara nyingi lina punje moja, ya mviringo, ngumu, yenye jicho jeupe. Msiandike "njugu" peke yake, maana Mkenya akisoma ataelewa karanga. Kongwa hasa, ambako Waingereza walifyeka mapori kuanzia 1947 ili walime karanga, natamani zao hili liandikwe kwa jina lake.

Na "kunde" haiwezi kuwa jina la kundi zima, kwa kuwa kunde ni zao linalojitegemea. Kundi ni mikunde. Mkunde ni mmea wa kunde; wingi wake umepanuliwa ukabeba karanga, mbaazi, choroko na maharage. Vivyo hivyo mmea wa karanga ni mkaranga: mikaranga imechanua, lakini karanga zimekauka. Mkisema "karanga za kutambaa" sina ugomvi, ingawa kinachotambaa ni mkaranga.

Basi katibu aandike: "Mazao ya mikunde: karanga (mbegu nyekundu na nyeupe), njugu mawe."