Mama alikuwa akipiga, nikiigeuza simu

Mmeuliza wiki hii ni igizo gani la jukwaani lililotuonyesha maana ya kukua. Langu ni The Lion King, igizo la nyimbo lililotokana na filamu ya katuni ya 1994, kuhusu mwanasimba aitwaye Simba. Siyo kwa sababu majina yake ni ya kwetu, bali kwa sababu ya dakika chache za mwisho wa sehemu ya kwanza.

Nililitazama London, ukumbi wa Lyceum, nikiwa masomoni. Simba amekimbia kwao akiamini yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri, wanampokea, wanamwimbia Hakuna Matata. Wimbo ukiendelea, yule mtoto anatoka na Simba mtu mzima anaingia akibembea kwa kamba ya msituni, kifua kipana. Watu walishangilia. Mimi nilinywea kitini. Miaka imepita ndani ya wimbo mmoja, mwili umekua, na bado anaimba yaleyale ya utotoni.

Pumbaa! Anayejua Kiswahili hahitaji kuelezwa. Mlezi wa huyu mtoto ndiye kupumbaa kwenyewe. Lakini anampenda kwa dhati, na hapo ndipo igizo hili lilipoushika ukweli: utoto ni mtamu, una marafiki wema, ndiyo maana hautoki mwilini kirahisi.

Baba alifariki Tanga nikiwa na miaka 23. Baada ya arobaini nilirudi zangu Dar, Tabata, na mama akawa anapiga kuhusu shamba la minazi na madeni aliyoacha marehemu. Nilikuwa naitazama simu ikitetemeka mezani, imeandika "Mama", kisha naigeuza kifudifudi. Jioni namtumia ujumbe: "Shikamoo mama, nilikuwa kazini. Usijali, hakuna shida." Miaka mitatu hiyo.

Sehemu ya pili ikanimaliza. Simba yuko peke yake usiku, anamlilia baba yake katika wimbo uitwao Endless Night, ambao haumo kwenye filamu ya 1994. Maneno yake aliyaandika Julie Taymor, mwongozaji mwenyewe. Halafu Rafiki, nyani mganga ambaye jukwaani ni mwanamke, anamrudishia wimbo aliowahi kuimbiwa na baba. Baba aliimba kwamba wazee waliotangulia wanaishi ndani yako. Sasa Rafiki anasema anaishi ndani yako: ni baba sasa, amehesabiwa miongoni mwao. Mtoto aliimbiwa habari za wazee. Mtu mzima anaimbiwa habari za marehemu wake mwenyewe.

Nilitoka nikapiga simu palepale barabarani. Tanga ilikuwa imeshapita saa sita usiku. Mama alipokea haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini mwanangu, saa hizi?"

Nikamwambia naomba anisomee madeni ya baba, moja moja, na majina ya wanaodai. Akanyamaza kidogo. Kisha nikasikia mlango wa kabati ukilia, na karatasi za daftari zikifunuliwa.