Barabara ya Pangani na malori ya bandari ya Tanga
Wapo wanaouliza kama barabara mpya ya Pangani ni barabara ya haraka ya malori ya bandari ya Tanga. Hapana, barabara inayojengwa kutoka Tanga kupitia Pangani na Mkwaja hadi Makurunge, karibu na Bagamoyo, si barabara ya haraka, wala haikukusudiwa hasa kwa malori ya bandarini. Ni barabara ya kawaida ya lami yenye njia moja kila upande, sehemu ya ukanda wa pwani unaoendelea hadi Malindi nchini Kenya kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kazi yake kubwa ni daraja la mita 525 la kuvuka mto Pangani, ambako tumezoea kusubiri kivuko cha kwenda Bweni.

Mzigo wa bandari una njia yake. Tangu gati lilipochimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, meli kubwa zinatia nanga ukingoni badala ya kupakuliwa kwa matishari baharini, na malori yanapita Muheza hadi Segera, ambako yale ya Moshi na Arusha hushika njia ya Korogwe na mengine huelekea Chalinze. Anayetaka kujua kama bandari yetu inafikika vizuri aitazame barabara hiyo kwanza.

Barabara ya haraka ya kulipia iliyopangwa ni ile ya Kibaha hadi Chalinze, ambayo inahusu zaidi shehena ya Dar es Salaam.