Jibu: Kikata maganda cha .308, cha mkono au cha mota?

Ndugu, umesema uko Texas, unawinda kulungu kwa risasi za .308 Winchester, unajaza upya maganda yaliyotumika kama hamsini kwa msimu, na unauliza ununue kikata kipi, yaani chombo cha kupunguza ganda lililorefuka. Kwa idadi hiyo usihangaike na mota. Chukua kile cha mkono cha kampuni ya Lee: kifimbo chake hupita kwenye tundu la kitako cha ganda na kugota chini, kwa hiyo urefu umeshapangwa kiwandani, huna cha kurekebisha. Bei yake ni ndogo mno. Ila kila aina ya risasi inataka kifimbo chake.

Ukitaka mdomo wa ganda ukatike sawasawa kabisa, mashine ya L.E. Wilson ndiyo ninayoipenda. Inashika mwili wa ganda, si ukingo wa kitako, na ukingo ukishapigwapigwa na bunduki hauaminiki tena. Ukifikia mamia ya maganda, hapo ndipo mashine ya mota ya Giraud inapolipa, maana inakata na kulainisha mdomo ndani na nje kwa mkupuo mmoja.

Lakini hata ukinunua ipi, kalipa (kipimio cha urefu) ni lazima. Pima baada ya kupitisha ganda kwenye dai (kifaa cha kulirudisha kwenye umbo lake), kwa sababu hapo ndipo linaporefuka. Urefu wa mwisho wa ganda la .308 ni milimita 51.18, kata hadi 50.93. Tafadhali usipuuze hili: shingo ya ganda ikizidi urefu, inabanwa mbele ya chemba (chumba cha risasi ndani ya bunduki), inakaba kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda kwa hatari. Uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.