Supu ya viazi ya watu 30, viazi kilo ngapi? Ya mwisho niliisaga na blenda ikavutika kama gundi.

Dada, kwa watu 30 chukua viazi mviringo kilo 6 mpaka 7, na kama kuna vijana wanaotoka mpirani weka 8 tu usijibane. Mifupa ya ng'ombe yenye nyama nyama kilo 3, ukienda buchani asubuhi mwambie akukatie ya supu, ichemshe na tangawizi, swaumu na chumvi kwenye maji kama lita 10 mpaka nyama inaachia mfupa, hapo ndo utie viazi, karoti na vitunguu.

Sasa ulivosema ya mwisho ilivutika kama gundi, hiyo ni blenda hiyo!! Viazi vikisagwa kwa kasi vinatoa wanga wote ndo inakua ile kitu inanata. Mi nachota nusu ya viazi pembeni navipondaponda kwa mwiko narudisha sufuriani, nusu naacha vipande, mtu anatafuna anajua anakula viazi. Tui zito la nazi mbili tatu tia mwisho kabisa, moto mdogo, koroga usiondoke maana likichemka sana linakatika, mi lilishanikatikia wageni washakaa mkekani wananiangalia, aibu sana.

Hoho na kotimiri juu, pilipili manga. Ndimu usitie sufuriani, kata weka kwenye sahani kila mtu ajikamulie.

Na ikilala inakua nzito, kesho ongeza maji ya moto kidogo, na chapati ya jana hapo weee